Punje Niliyoimeza Ili Nipate Kuimba

Nilipokuwa kijana wa umri wenu niliamini, bila chembe ya wasiwasi, kwamba waimbaji wote wakubwa wamemeza dhahabu. Sisemi kwa mfano. Nasema kumeza kabisa, punje, kwa maji ya kunywa, ikashuka ikanasa mahali fulani hapa chini ya kidevu, na kuanzia hapo sauti ikawa inapita juu yake na kutoka nje imeng'arishwa. Habari hii niliipata kwa binamu yangu Ndaki, aliyerudi kutoka machimboni na redio begani na suruali pana ya kutosha kufunika baiskeli na mwendeshaji wake. Ndaki alikuwa na ushahidi.

"Kwaya za upande wa Geita na kwaya za huku kwetu kwenye pamba, zipi zinaimba vizuri?" aliniuliza.

"Za Geita."

"Sasa kule kuna nini ambacho huku hakipo?"

Jibu lilikuwa limeshanimeza mzima mzima.

Haya, vijana wa Buseresere, nyie mnaonisimamisha kila Jumapili mkisema, "Babu Maduhu, tuandikie ulivyoanza kazi ya mawe," nimeandika. Mnadhani nilikwenda machimboni kutafuta utajiri. Nilikwenda kutafuta koo. Utajiri wenyewe haukunitafuta, na mimi sikuusumbua. Na msishangae mkikuta nukta na mkato vimekaa mahali pake, maana nimesoma mimi. Nilihitimu masomo ya jioni nikiwa na wajukuu, chini ya mwalimu niliyemzidi umri kiasi kwamba alikuwa akiniamkia shikamoo kwanza ndipo aniambie nimekosa hesabu zote.

Kwetu ni nje kidogo ya Kolandoto, Shinyanga. Baba alikuwa fundi wa plau, yale majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Alikuwa mtu mkimya. Maneno yake ya mwaka mzima yangeenea kwenye kisanduku cha kiberiti bila kutoa njiti. Mtu akileta plau iliyopinda, baba aliitazama, akasema "Mh," na mwenye plau akajua arudi baada ya soko.

Maneno yote ya nyumba alikuwa nayo mama, ambaye kwa Kisukuma tunamwita mayu. Mayu alikuwa kiongozi wa nyimbo kwenye kikundi cha kulima. Siku hizi mnakodi trekta, lakini zamani watu walilimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, wote kwenye mstari mmoja, na mbele yao mtu wa kuimbisha. Mtu huyo ndiye injini. Mayu akiimba wimbo mwepesi majembe yanapaa, akiimba mzito yanazama. Nimewahi kuona kikundi chake kikimaliza shamba ambalo mwenye nalo alipoondoka kwenda kuchota maji lilikuwa pori, na aliporudi alipotea njia.

Mimi mapigo niliyajifunza mgongoni kwake kabla sijajua kutembea. Nilipokua nikawa napita pembeni ya mstari na kijembe changu kidogo, naitikia. Mayu alinifundisha jambo moja ambalo limenilisha maisha yangu yote: wimbo wa kazi hauanzi mdomoni, unaanza kiunoni. Na usianze mbio. Ukianza mbio asubuhi, jua likipanda utakuwa unaimba peke yako na wenzako wameegemea mipini wanakutazama.

Kutoka shambani nikaingia kwaya. Mwalimu wa kwaya alikuwa dada mmoja mpole, Mwalimu Esta, na aliponisikia mara ya kwanza alivua miwani akaifuta, kana kwamba tatizo lilikuwa macho. Sauti yangu ilikuwa ya juu, nyembamba na safi kama maji ya mtungi. Nikipandisha, mbwa wa kijiji cha pili walikaa chini. Alinisimamisha juu ya kreti la soda ili wa nyuma wanione, na watu walikuja kutoka makanisa mengine, hata Waislamu wawili watatu wa sokoni walisimama dirishani wakijifanya wanasubiri mvua ipite, na ilikuwa kiangazi. Nikitoka hapo narudi nyumbani, mayu anapika, naye anaanzisha, mimi napokea, na baba anagonga chuma chake nje. Msiulize kama alikuwa anagonga kwa mapigo yetu. Hakuwahi kusema. Lakini hakuwahi kukosea.

Halafu ikaja siku ya shukrani ya mavuno. Nikapanda kreti langu. Ubeti wa kwanza ulikwenda salama. Wa pili nikaupandisha pale pale nilipozoea, na kilichotoka hakikuwa sauti yangu. Kilikuwa kilio cha ndama aliyekanyagwa mkia, kikaruka juu, kikashuka, kikakatika kabisa. Nikajaribu tena, kikaja kingine kibaya zaidi. Kanisa zima likacheka, mpaka wazee wa kanisa, mpaka mbuzi wa sadaka aliyefungwa mlangoni, naapa, alitoa sauti. Baada ya ibada Mwalimu Esta aliniwekea mkono begani. "Maduhu, pumzika kwanza, mpaka itulie." Mimi nikaelewa nimefukuzwa kwa heshima.

Sasa kuna jambo inabidi mlielewe. Kwetu mambo ya mwili kukua baba hamwambii mwanawe, na mama ndiyo kabisa. Ni kazi ya babu. Babu na mjukuu wanataniana, wanagombania hata bibi kwamba ni mke wa nani, kwa hiyo babu anaweza kukuambia lolote na mkamaliza kwa kicheko. Babu yangu alikuwa ameshafariki, hata hakuisubiri shukrani ile. Kwa hiyo mtu wa kuniambia alikosekana. Baba alinitazama, akasema "Mh," akanipa plau nimshikie. Mayu akaacha kuimba nikiwa karibu. Alidhani ananistahi. Anapika kimya, anapepeta kimya, na baba huko nje akawa anagonga ovyo ovyo kama mtu anayefukuza kunguru. Nyumba ile, ambayo hata mwizi alikuwa anapita mbali kwa kelele zake, ikawa kama nyumba ya matanga.

Hapo ndipo Ndaki aliponikuta na suruali yake na habari yake ya dhahabu. Nyie mngekataa? Nilimwambia mayu naenda kuona kazi. Akanifungia michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, ya kutosha kijiji. "Nenda," alisema, "lakini usikae." Sikumwambia kwamba naenda kutafuta kitu cha kunirudisha jikoni kwake.

Ndaki alinifikisha upande wa Bulyanhulu, kwa wachimbaji wadogo, akaniacha kwa mama mmoja wa Tabora, Mama Rehema, halafu akaondoka na redio yake. Mama Rehema alikuwa na turubai, vinu vya kutwangia mawe, na mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaweza kutwanga?"

"Naweza."

"Kila anayefika hapa anaweza. Shika mchi."

Mnaoona makarasha ya kusagia mawe yananguruma kila kona leo hamwezi kujua kinu kile. Kilikuwa kipande cha bomba nene kilichozibwa chini kwa kuchomelewa, na mchi wake ulikuwa ekseli ya lori. Unaweka mawe, unatwanga mpaka yawe unga laini kama wa uji, ndipo ukaoshwe. Leo karasha linasaga kwa asubuhi moja mzigo ambao sisi tungeutwanga mpaka tung'oke meno. Sina ugomvi nalo, nimelisimamia mwenyewe miaka mingi kabla ya kustaafu. Ila ukiimba karibu nalo hujisikii.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Athumani, mtu wa Kigoma, mwembamba kama mchi wenyewe. Siku ya kwanza nilitwanga kwa mabega, kwa sifa. Kufika jioni sikuweza kuinua mkono kula, nikala ugali kwa kuufuata na mdomo kama ndama. Mzee Athumani alinitazama akasema, "Wewe kwenu mnatwanga na masikio? Tumia kiuno." Nikamkumbuka mayu, nikakaa sawa, na kesho yake nikatwanga kama mtu mzima.

Alinifundisha kufunga kitambaa puani. Mtasikia watu wakisema kunywa maziwa, yanasafisha vumbi la mawe kifuani. Kunywa, ni matamu, lakini hayafiki huko. Funga pua. Wenzangu waliotegemea maziwa wengi sikuzeeka nao. Alinifundisha kunyunyiza maji kidogo kwenye kinu, vumbi litulie. Na alinifundisha kutodanganywa na kinachong'aa. Wiki yangu ya mwanzo niliona ndani ya jiwe kipande cha njano kinachomeremeta, moyo ukaruka mpaka nikausikia kwenye meno, nikakificha kiganjani nikijua nimepata koo langu. Mzee Athumani akasema, "Leta hapa." Akakiweka juu ya chuma, akakigonga na msumari. Kikawa unga mweusi. "Dhahabu ukiigonga inalala bapa," alisema. "Ikigeuka unga, imekudanganya." Hilo shikeni. Nimeona watu wazima wenye gari wakinunua unga mweusi.

Pale turubaini watu walitwanga kwa nyimbo. Mzee Athumani anaanzisha, wengine wanapokea, michi inashuka pamoja. Palikuwa na Wanyamwezi, Waha, Wahaya, Wasumbwa, na kila mmoja alikuja na wimbo wa kwao na akaubadilisha maneno ili umtukane Mama Rehema kwa adabu. Mimi peke yangu nilikuwa nagonga kimya. Wakaniita Bubu.

"Ngosha, kwenu hakuna nyimbo?" aliniuliza Juma, kijana wa kinu cha jirani, msemaji mno. Ngosha ndivyo wanavyotuita wanaume wa Kisukuma.

"Zipo."

"Tupe mmoja basi."

"Nina koo."

"Hata mimi ninalo. Kila mtu analo. Tupe wimbo."

Mzee Athumani akamwambia amwache mtoto wa watu. Lakini jina la Bubu halikubanduka, na kila walipoimba nilihisi kitu kinataka kutoka, nakirudisha kwa mate. Nyie mnaoimba kwenye simu na kurusha kwa watu wote hata kama mmekosea, hamjui njaa hiyo.

Mzigo wetu ulipokwisha kuoshwa, watwangaji wakalipwa. Wenzangu walichukua hela. Mimi nikamwomba Mama Rehema anipe changu kwa dhahabu yenyewe. Alinikazia macho, akadhani nataka kumpelekea mama yangu, akanipa. Punje ilikuwa ndogo kuliko mbegu ya mtama, lakini mkononi mwangu ilikuwa nzito kama mtungi. Ilikuwa imeshachomwa, zebaki imetoka. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana hili silitanii: msimeze kitu chochote cha machimboni, chochote kile. Ile zebaki ya kunasia dhahabu ni sumu, na moshi wake wakati wa kuchoma ni mbaya kuliko yenyewe. Mimi niliokolewa na bahati. Akili haikuwepo.

Nilikwenda nyuma ya kibanda cha uji, nikaomba kikombe, nikageuka upande wa Kolandoto kwa heshima, nikameza. Nikageuka tena. Juma alikuwa amesimama na kikombe chake, mdomo wazi.

"Mama Rehema," aliita, bila kuniondolea macho. "Bubu anameza dhahabu."

Machimboni neno hilo lina maana moja tu. Mwizi ndiye humeza, ili apite kwenye ukaguzi. Na mwizi wa dhahabu akikamatwa hapewi nafasi ya kusimulia. Watu waliacha michi. Mtu mmoja alishaokota fimbo. Nikawaambia ni yangu, ni mgawo wangu, na ile sauti yangu ikachagua wakati huo kukatika, ikaruka juu kama filimbi, na mtu mwenye sauti ya namna hiyo hata wewe usingemwamini.

Mama Rehema akasimama katikati. "Hakuna anayemgusa. Kama imeingia, itatoka." Nikawekwa ndani ya kibanda chake cha maturubai na ndoo. Akaniletea papai zima, kisha maharage, kisha papai jingine. Mzee Athumani akawekwa mlangoni kunilinda.

"Mwanangu," aliniambia kwa chini, "umeiba?"

"Sikuiba, mzee."

"Basi kula papai."

Nililala humo nikiwaza mambo mawili. La kwanza, watanitangaza mwizi, na habari hiyo itafika Kolandoto kabla yangu, baba atasema "Mh" na safari hii nitaielewa. La pili ndilo lililoniuma zaidi. Tangu nimeze nilikuwa najaribu, taratibu, chini ya blanketi, ule ubeti wa pili wa siku ya mavuno, na ndama alikuwa bado yupo. Nikajifariji kwamba punje haijapanda, iko tumboni bado inatafuta njia. Na ikitoka chini wakati ilitakiwa kukaa juu, basi nimekwisha, sina koo, sina dhahabu, sina jina. Asubuhi tumbo likakataa kungoja. Mzee Athumani akaichukua ndoo, na mimi nikajifunika uso. Nilimsikia huko nyuma anaomba karai la kuoshea mchanga.

Jua lilipopanda Mama Rehema akaja kukaa kwenye kigoda mbele yangu. Juma akajibanza mlangoni.

"Mzigo nimeupima tena wote," alisema Mzee Athumani kutoka nje, akinawa mikono mara nyingi kuliko kawaida. "Haukupungua kitu. Mtoto kameza cha kwake."

Mama Rehema akanigeukia. "Nimeona watu wakimeza vya wenzao. Mtu wa kumeza mali yake mwenyewe sijamwona. Kwa nini, Maduhu?"

Nikamweleza yote. Kreti la soda, ndama, Mwalimu Esta, mayu anayepepeta kimya, Ndaki na kwaya za Geita. Juma alianza kucheka, akaona uso wa Mama Rehema, akajifanya anakohoa.

"Una miaka mingapi?"

"Naingia kumi na tano."

"Babu yako yupo?"

"Amefariki."

"Baba?"

"Yupo. Hasemi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa plau na kuona ilipopindia. "Imba nikusikie."

"Inakatika, mama."

"Unaimbia wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono, juu, pale pa zamani.

"Huko usiende. Imba hapo hapo unapoongelea na mimi sasa hivi. Usipandishe."

Niliona aibu kuimba wimbo wa kanisa mbele ya ndoo. Nikaanza wimbo wa mayu wa kulimia, ule mzito wa kuzamisha majembe, polepole, nikiufuata chini kama mtu anayeshuka kisimani kwa miguu. Sikukutana na ndama. Nilikuta sauti nene, ya mtu nisiyemjua, imekaa kifuani inanisubiri, na niliposukuma kidogo ikajaa kibanda mpaka turubai likatetemeka. Hili la turubai msiseme natia chumvi, Juma alikuwepo. Huko nje mchi mmoja ukashuka kwa mapigo yangu. Kisha mwingine. Kisha yote. Mzee Athumani akapokea kiitikio cha Kisukuma bila kujua neno hata moja. Mimi nikaendelea, machozi yananishukia puani na mdomoni, mpaka ubeti ukaisha.

"Imepanda, mama," nilimwambia. "Punje imefika kooni."

Mama Rehema akafungua fundo la kanga yake, akaiweka ile punje kwenye kiganja changu.

"Punje yako ilitoka asubuhi, Mzee Athumani kaiosha, hii hapa. Umebalehe tu, mwanangu."